Msusi Aliyeaga Kila Mwezi

Haya yalisimuliwa na msusi mwenyewe, Jumatatu moja ya mwanzo wa mwaka, siku ambayo saluni yao hufungwa na wasusi hufua taulo za wateja. Alikuwa na beseni mbele yake na mikono ndani ya povu. Alipositasita, mwenye saluni, aliyekuwa akianika, alimkumbusha. Na mwenye saluni alipotia chumvi, msusi alimrudisha kwenye mstari. Jina lake ameomba lisiandikwe. Wateja humwita Mkono Mwepesi, na hapa ataitwa hivyo hivyo.

Saa mbili asubuhi. Mlango wa chuma unapandishwa kwa kelele, na Mkono Mwepesi ndiye anayetangulia kuingia. Anafagia nywele za jana zilizojificha chini ya viti. Anafuta vioo, navyo ni vingi mno, hata ukuta wa nyuma una kioo, ndiyo sababu mwenye saluni akaitwa Mama Vioo. Kisha anachambua rasta, anazitundika begani fungu kwa fungu, anapaka vidole mafuta na kusubiri.

Mteja wa kwanza ni mwalimu wa chekechea. Hakai mpaka aulize.

"Mkono ukoje leo?"

"Mwepesi, mwalimu. Kaa."

"Usinidanganye bwana. Mara ile ulinivuta mpaka nyusi zikapanda juu. Wiki nzima watoto wananiuliza, mwalimu, umeona nini?"

Wote wanacheka, na Mkono Mwepesi mwenyewe anacheka. Mama Vioo anapaza sauti kutoka kwenye meza yake: "Kaa mama, usitie wasiwasi. Ungekuwa mzito ningekupeleka kiti cha pili. Siku hizi tuna ratiba kama ya treni."

Mwalimu anakaa. Vidole vinaanza kazi, na baada ya muda mfupi kichwa kinaanza kusinzia.

Mzaha huo wa mkono unarudiwa kila siku katika saluni ile, na mgeni anaweza kudhani ni mzaha tu. Una mizizi mirefu.

Mkono Mwepesi ana miaka thelathini na minne. Alianza kusuka akiwa mdogo, na kichwa alichojifunzia ni cha dada yake mkubwa, aliyekuwa na subira ya kukaa chini hata akisukwa vibaya. Kichwa kimoja cha misuko midogo humchukua saa nne hadi sita, amesimama. Malipo yanagawanywa, nusu yake na nusu ya mwenye saluni. Siku asiposuka, hana nusu.

Ana mtoto mmoja wa kike mwenye miaka minane, anayeitwa Njugu kwa sababu alizaliwa mdogo kama punje. Yeye na baba wa mtoto walishaachana, bila kesi wala matusi. "Alisema amechoka kuishi na watu wawili," anaeleza Mkono Mwepesi. "Nilidhani ananitukana. Kumbe alikuwa anaeleza alichokiona."

Watu hao wawili hata saluni iliwajua. Kwa sehemu kubwa ya mwezi alikuwa msusi ambaye wateja humsubiri barazani hata kama viti vingine ni vitupu. Anaimba, anatania, anamsifu mwenye nywele tatu kama ana thelathini. Halafu asubuhi moja anaingia kimya.

"Nilikuwa nalala mzima, naamka nimebadilika," anasema. "Redio inanichoma. Mtu akicheka, nadhani ananicheka mimi. Kichwani kuna sauti inaniambia watu wote wamekuchoka, mtoto wako amekuchoka, na wewe hufai kitu. Si sauti ya kusikia kwa masikio, ni wazo. Lakini nilikuwa naliamini kuliko ninavyoamini macho yangu."

Siku hizo mkono ulikaza. Mwenyewe hakujua kama anavuta. Mteja ndiye aliyejua, kwa machozi. Akimaliza, Mkono Mwepesi naye alikwenda kulia chooni. Na siku ya pili au ya tatu, aliaga.

Aliaga kwa utaratibu ule ule. Alikusanya machanuo yake, mkasi wake na chupa ya mafuta, akavitia katika beseni, akasimama mbele ya meza ya Mama Vioo. "Mama, nisamehe kwa yote. Kuanzia kesho usinitegemee."

Mara ya kwanza Mama Vioo alilia. Mara ya pili alimbembeleza, akamwuliza ni nani aliyemuudhi. Mara ya nne hakuinua hata uso. "Haya mwanangu. Ukitoka urudishe mlango, nzi wanaingia."

Baada ya siku chache Mkono Mwepesi alirudi na beseni lake, macho chini. "Mama, nimekosa."

"Kiti chako hicho. Kuna kichwa kinasubiri."

Kwa nini hakumfukuza? Mama Vioo anakunja taulo kabla ya kujibu. "Msusi mbaya ningemfukuza. Huyu siku zake nzuri alikuwa anajaza duka. Tena nilikuwa na dawa yangu. Nilijua kinachomsumbua. Yaani nilidhani najua."

Alichodhani anakijua kilikuwa hiki. Mishahara hutoka mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi saluni hufurika. Dawa ya kulainisha nywele inafunguliwa kutwa, harufu yake inakata pua, na macho ya wasusi yanawasha. Na kwa miezi kadhaa mfululizo, Mkono Mwepesi aliaga mwisho wa mwezi. Wasusi wakakaa kikao, wakalinganisha hili na lile, wakatoa hukumu: ni ile dawa, imempanda kichwani.

Basi akakatazwa kuigusa. Kiti chake kikasogezwa mlangoni apate hewa. Feni ikanunuliwa, ikaelekezwa kwake peke yake. Wateja wenye huruma wakamletea maziwa ya kukata sumu, akayanywa mpaka akayachukia.

Lakini mwili hauna mshahara. Mzunguko wake ulikuwa mfupi kuliko mwezi wa kalenda, kwa hiyo siku mbaya zilirudi nyuma kidogo kidogo, mpaka zikaangukia katikati ya mwezi, saluni ikiwa tupu na hakuna chupa iliyofunguliwa. Siku hiyo Mkono Mwepesi alikaa mlangoni, feni inampuliza, glasi ya maziwa mkononi, na machozi yanamtiririka.

"Nikaizima feni," anasema Mama Vioo. "Nikasema, tumepotea njia."

Wakati saluni ikihangaika na feni, nyumbani kulikuwa na jambo zito zaidi, ambalo Mkono Mwepesi hakumwambia mtu.

Yeye na Njugu wanaishi chumba na sebule, mlango unatazamana na ngazi za jirani. Mtoto alikuwa amejifunza kumsoma mama yake kwa viatu. Vikiwekwa chini taratibu, alikimbia kumpokea. Vikitupwa, alikula kimya na kujibanza. Katika siku hizo mama alimfokea kwa kikombe, kwa daftari, kwa kuuliza swali. Alimwambia maneno ambayo, akiyakumbuka leo, anaacha kufua na kutazama povu.

"Sikuwahi kumpiga," anasema. "Lakini mdomo nao una mkono wake."

Asubuhi moja alikwenda kumwamsha, akamkuta amelala amevaa sare ya shule, soksi mguuni, mkoba pembeni.

"Mbona umelala hivi?"

"Ili asubuhi nisikusumbue."

Mkono Mwepesi alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Akampigia simu dada yake mkubwa, anayeishi mbali, safari ya siku nzima.

"Dada, njoo umchukue Njugu."

"Kwa likizo?"

"Kwa moja kwa moja. Akae kwako, asome huko. Mimi sifai."

"Hayo unayasema kwa akili zako?"

"Nayasema kabla sijamharibu."

Dada mkubwa ana watoto wa kiume watupu, na Njugu ni kama mboni ya jicho lake. Alikubali. Wakaelewana kwamba shule zikifungwa mwisho wa mwaka, atakuja kumchukua na nguo zake zote. Akaanza kutafuta nafasi ya shule. Akanunua kitanda.

Siku nzuri zilipokuja, Mkono Mwepesi alishika simu mara kadhaa ili atengue neno lake. Hakulitengua. "Nilijiuliza, leo mimi ni mama mzuri, na wiki zile zikirudi je? Mtoto si kibanda cha kujenga na kubomoa. Nikaacha kama nilivyosema. Kila nilipomwona amelala, nilihesabu kwamba si wangu tena."

Aliyekuja kukigundua chanzo cha yote hayo ni Mama Vioo, na hakukigundua kwa elimu. Ilikuwa siku ya kurudi. Mkono Mwepesi alisimama mbele ya meza na beseni lake, macho chini kama kawaida.

"Mama, nimekosa."

"Nimesikia."

"Na samahani, mama. Huna pedi moja hapo kwenye droo?"

Mama Vioo alifungua droo, akashika pedi, akaacha kuitoa. Akamtazama.

"We mtoto. Mwezi uliopita uliponiomba radhi, uliniomba nini tena?"

"Sikumbuki."

"Uliniomba pedi. Na mwezi wa kabla yake. Na siku ile ya maziwa, kesho yake ulirudi, ukaniomba radhi na pedi. Wewe radhi zako zinakuja na damu!"

Saluni nzima iligeuka. Mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele alitoa kichwa asikie vizuri. Mkono Mwepesi aliona haya, akatamani ardhi ipasuke. Lakini Mama Vioo alikuwa ameshakaa chini, anajipigapiga paja. "Na mimi nanunua feni! Feni!"

Mficha maradhi kilio humuumbua, na mara nyingine humuumbua pedi. Juma hilo hilo Mama Vioo alimpeleka kwenye zahanati ya karibu. Aliyewapokea hakuinua kalamu. "Kila mwanamke ana siku zake, mama. Vumilia, ukizaa mwingine zitatulia." Akampa vidonge vya maumivu ya tumbo, na tumbo halikuwa linauma.

Wengi huishia hapo. Mkono Mwepesi naye angeishia hapo, lakini Mama Vioo alikuwa ameshaudhika. Mteja mmoja aliwaelekeza kwa daktari wa wanawake katika hospitali kubwa. Walimkuta mwanamke kijana aliyenyoa nywele zote.

"Tumekwisha," Mama Vioo alinong'ona. "Huyu hata nywele za kutuelewa hana."

Daktari aliuliza maswali mengi, kwa utulivu, bila kushangaa. Usingizi. Hamu ya kula. Hasira. Kazi. Mtoto. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile: "Katika siku hizo, umewahi kufikiria kufa?"

"Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza," anasema Mkono Mwepesi. "Nikasema ndiyo. Katika siku hizo ndiyo. Damu ikija, wazo linaondoka, na mimi najishangaa."

Mama Vioo alikuwa amekaa pembeni anatafuna pipi. Aliacha kutafuna.

Daktari hakuliruka jambo hilo. Kabla ya kuandika dawa yoyote alitaka kujua, wazo likija, Mkono Mwepesi atakwenda kwa nani, kwa jina na kwa mlango. Akampa namba ya simu ya hospitali, akamwambia asisubiri siku ya kliniki. Mama Vioo akadakia: "Nina milango miwili, wa saluni na wa nyumbani. Agonge wowote, saa yoyote. Hata nikiwa naoga."

Lakini jina la ugonjwa daktari hakulitaja siku hiyo. Alisema kwanza lazima auone kwa siku zote za mizunguko miwili, siku kwa siku, kwa sababu mtu akikumbuka nyuma hukosea. Alimpa karatasi ya kujaza kila jioni. Karatasi ilikaa saluni siku nne tu, ikalowa mafuta ya nywele, ikapasuka.

Mkono Mwepesi akachukua uzi na shanga za kusukia watoto. Nyeupe ni siku njema, nyeusi ni siku mbaya, nyekundu ni siku ya damu. Kila jioni akatunga moja. Njugu aliona mchezo mpya, akataka kucheza.

"Mama, leo nikutungie mimi?"

"Tunga. Leo ni rangi gani?"

Mtoto alitazama uzi, akamtazama mama. "Nikisema utakasirika?"

"Sema."

"Nyeusi."

Mama mwenyewe alikuwa ameshika nyeupe. Aliirudisha kwenye kopo la shanga, akaacha mtoto atunge ya kwake. Tangu siku hiyo, wakitofautiana, hutungwa ya Njugu.

Daktari aliupokea ule uzi, akacheka kidogo, kisha akamkalisha amweleze kila nyeusi ilikuwa na nini ndani yake: kilio, hasira, kukosa usingizi au lile wazo. Ilichukua mchana mzima. Nyeusi zilikuwa zimejazana pamoja, mara zote kabla ya nyekundu, na nyekundu zikishaanza, nyeusi zilikatika. Baada ya hapo nyeupe tupu. Ingekuwa sonona ya siku zote, daktari alieleza, nyeusi zingetapakaa uzi mzima.

Ndipo alipoupa jina. Kwa Kiswahili chake aliuita huzuni kali ya kabla ya hedhi. Katika vitabu vyao wanauandika kwa herufi nne, PMDD. Si ule uchovu na kununa kidogo ambavyo wanawake wengi huvijua. Huu huwapata wachache katika kila mia, na huvunja kazi na nyumba.

"Homoni zako ni sawa na za wenzako," alimwambia. "Hazijazidi wala kupungua. Ila yai likishatoka, homoni zikapanda na kushuka, ubongo wako unayapokea mabadiliko hayo kwa ukali. Si tabia mbaya. Si jini. Na kuzaa si dawa yake."

Mama Vioo aliinua kidole kama mwanafunzi. "Daktari, yaani ni kama dawa ya nywele. Chupa moja, kichwa hiki inakilainisha, kile inakiunguza."

"Ndivyo, mama."

"Basi mimi sikukosea sana," akasema, na mpaka leo neno hilo halijamtoka mdomoni.

Matibabu yako ya namna kadhaa, na daktari aliyaeleza yote. Kuna dawa za jamii ile ile inayotibu sonona. Kwa ugonjwa huu hazisubiri wiki nyingi kufanya kazi, na wengine huzimeza nusu ya mwezi tu, tangu yai linapotoka mpaka damu ianze. Kuna aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango. Kuna mazungumzo na mshauri. Usingizi na mazoezi husaidia, ila vyenyewe tu mara nyingi havitoshi. Hakumwahidi kupona kabisa. Alimwahidi kupunguza makali.

Mkono Mwepesi alichagua vidonge vya nusu ya mwezi na kuongea na mshauri. Sheria ya kwanza aliyowekewa na mshauri ilikuwa nyepesi kusema: siku nyeusi hakuna kukata shauri kubwa. Ukitaka kuaga kazi, aga siku nyeupe. Ukitaka kugawa kitu cha maana, gawa siku nyeupe. Lakini kitu cha maana alikuwa ameshakigawa.

Mwezi wa kwanza alisikia kichefuchefu na usingizi wa mchana. Nyeusi zilikuja, ila nyembamba. Msusi wa kiti cha pili alipoona vidonge, alicheka kwa sauti.

"Shoga, umeanza dawa za vichaa?"

"Naam. Ndiyo maana jana uliponiibia mteja sikukung'ata."

Mama Vioo alipanga kazi upya. Katika wiki ya shanga nyeusi Mkono Mwepesi hasuki. Anafumua, anaosha vichwa, anachambua rasta. Kipato kinashuka kidogo, lakini hakuna mteja anayelia na hakuna beseni linalobebwa. Miezi mitatu ikapita bila kuaga. Hiyo ndiyo ratiba ya treni ambayo Mama Vioo alimtajia mwalimu wa chekechea.

Hata hivyo kalenda ya shule haikusimama. Shule zilifungwa Ijumaa. Jumamosi alasiri dada mkubwa aliingia na begi kubwa tupu begani.

Ilikuwa siku nyeusi. Si ile nyeusi ya zamani, lakini nyeusi. Mkono Mwepesi alikuwa amefikiria kumwomba dada aahirishe safari, kisha akaona afadhali aje aone mwenyewe. Kama mtoto anachukuliwa, achukuliwe kwa ukweli.

Walisalimiana, wakaulizana ya safari. Begi likawekwa katikati ya sebule, na hakuna aliyelitazama. Njugu, kwa heshima ya mgeni, alisema yeye ndiye atakayemletea mama mkubwa chai. Alikuja na sinia, amebana midomo kwa umakini. Mguu ukanasa kwenye mkanda wa begi. Chupa ya chai ikaruka, ikapasukia sakafuni kwa kishindo cha kioo.

Dada mkubwa alisimama haraka, akajiweka kati ya mama na mtoto. Hakufikiri, mwili wake ndio uliofanya hivyo. Mkono Mwepesi aliliona hilo, na lilimuuma kuliko chupa.

Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Njugu, umeungua?"

"Hapana, mama."

"Usikanyage hapo. Vaa viatu. Mama nimeshikwa na hasira. Natoka nje kidogo. Si kwa ajili yako, unasikia? Nitarudi."

Akatoka. Alikaa kwenye ngazi, akapumua kama mshauri alivyomfundisha, akang'oa majani yaliyoota kwenye ufa wa saruji. Dirisha lilikuwa wazi. Alisikia ufagio, kisha sauti ya mtoto.

"Mama mkubwa, usiogope. Anatoka, halafu anarudi."

"Huwa anafanya hivi?"

"Siku hizi. Zamani alikuwa hatoki."

Ufagio ukaendelea. Baada ya muda mlango ulifunguka, na dada mkubwa akaja kukaa ngazi ya pili, magoti yakilalamika. Akasema jambo ambalo halikuhusu chai wala begi.

"Unakumbuka mama alivyokuwa anatupeleka kwa bibi?"

"Kidogo. Nilikuwa mdogo. Si tulikuwa tunafuata maziwa?"

"Maziwa gani? Bibi hakuwa hata na mbuzi." Alicheka bila furaha. "Ilikuwa kila mwezi. Mama anaamka hasemi, anafunga nguo zetu kwenye kanga, ananiambia mbebe mdogo wako, nendeni. Nakubeba mgongoni. Siku kadhaa baadaye anatufuata, ameoga, amejipaka mafuta, anatucheka kama hakuna kilichotokea. Wewe unamkimbilia. Mimi nilikuwa sitoki nyuma ya mlango."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia nini? Nilijua mama hatupendi. Mpaka tunamzika nilijua hivyo." Alifuta uso kwa kiganja. "Sasa leo namsikia mtoto wa miaka minane ananiambia anatoka, anarudi. Mimi hakuna aliyeniambia kwamba atarudi."

Baadaye, akifua taulo, Mkono Mwepesi alisema hilo ndilo lililomkaa rohoni: mama yao alikufa hajui jina la kilichomsumbua. Alijua njia moja tu ya kuwalinda wanawe, nayo ilikuwa kuwaondoa. Na kila alipowaondoa, binti yake mkubwa alihesabu kwamba anatupwa.

"Kwa hiyo begi?" aliuliza mwishowe.

"Begi nitawekea nguo zangu. Mwanao simchukui."

"Na kitanda ulichonunua?"

"Wanangu wa kiume wanalala kama magunia, mmoja atakishukuru. Likizo mtakuja wote wawili. Na siku hizo zikikuchachia, unipigie mimi. Siji kumchukua. Nakuja kukaa."

"Safari ya siku nzima, dada."

"Nilishakubeba mgongoni. Gari litanishinda?"

Walirudi ndani. Njugu alikuwa amekusanya vipande vya kioo kwenye gazeti, tena amepanga nguo zake kwenye mkeka, sketi kwa sketi, tayari kwa safari. Mama yake alimwambia azirudishe kabatini. Mtoto aliuliza mara mbili kama ni zote. Zote. Akazirudisha moja moja, taratibu, kama mtu anayeogopa kusikia neno likibadilika.

Jioni walikula wali na maharage, wakanywa maji kwa kuwa chupa ya chai haipo. Dada mkubwa alitaka kujua kila kitu kuhusu vidonge, na akauliza lile ambalo Mkono Mwepesi mwenyewe huliuliza.

"Na huyu akivunja ungo?"

"Labda atakuwa na hali hii, labda hatakuwa nayo. Daktari anasema hutembea katika baadhi ya familia, lakini si lazima." Alimtazama Njugu, aliyesinzia kijiko mkononi. "Ninachotaka ni asije akajifungia chooni analia, akidhani yeye ni mtu mbaya. Nataka awe analijua jina kabla hali yenyewe haijapiga hodi. Na akija kunikuta bado nasuka pale pale, kiti kile kile, atajua mtu anaweza kuishi nayo."

Huo ndio mpango wake, na hana mwingine mkubwa kuliko huo. Kuendelea na vidonge, kuendelea na mshauri, kubaki katika kiti chake, na kumlea binti yake mpaka awe mkubwa wa kuelezwa.

Njugu alilala wa kwanza, hajavaa sare, miguu imepanda juu ya mto. Dada mkubwa alijinyoosha kando yake, akalalamikia godoro, akaahidi hatakoroma, na kabla ya kumaliza ahadi akawa anakoroma. Mkono Mwepesi aliosha vyombo, akameza kidonge chake kwa maji, akajipenyeza kwenye nafasi ndogo iliyobaki ukingoni. Kichwani lile wazo la kwamba hafai kitu lilimjia kidogo, likamwambia la kumwambia. Alilisikiliza bila kulijibu, akavuta shuka upande wake, naye akalala.